Mwaka Tuliokula Mahindi ya Kambi

Nyumbani kwetu kuna kipindi kila mwaka ambacho kula hindi ni kosa kubwa kuliko kuiba. Huanza siku nkambo, yaani mama mzaa baba, anaporudi kutoka shambani na kutangaza kwamba mahindi yametoa ndevu. Huisha Jumapili ya misa ya mavuno, kitunga cha kwanza, yaani kikapu cha mazao mapya, kinapofika altareni. Kati ya siku hizo mbili vinywa vyetu vimefungwa. Tunakula bukari, yaani ugali, ya unga wa mwaka jana, sombe ya majani ya muhogo, viazi vitamu, na samaki wakavu wa Kabondo-Dianda ambao wamesafiri barabara mbaya mpaka wamesahau kwamba waliwahi kukaa majini. Lakini hindi jipya, hapana. La kuchoma, hapana. La kuchemsha, hapana. Hata kutafuna bua lake kwa sababu lina sukari, hapana. Niliuliza.

Wengine mjini hawana shida hii. Sheria inashika nyumba mbili tu katika kila shirika. Shirika ni zile nyumba ishirini na kitu za Wakatoliki wa mtaa mmoja, zinazosali pamoja katikati ya wiki na kusengenyana siku zinazobaki. Nyumba ya kwanza ndiyo yenye kubeba kitunga. Ya pili hufungwa kinywa vilevile, kama gurudumu la akiba, ili ya kwanza ikipasuka misa isikwame. Kwetu tumekuwa nyumba ya kwanza tangu nkambo alipokuwa na meno yote. Gurudumu la akiba ni nyumba ya mama prezida wa shirika, na sidhani kama kuna gurudumu lililowahi kuombea pancha kwa imani kubwa vile.

Nkambo anasema kitunga ni cha zamani kuliko parokia. Bibi yake alikuwa anaweka mahindi ya kwanza mahali pa wazee waliokufa, nyuma ya nyumba, na hakuna aliyekula kabla yao. Mapadri walipokuja, kitunga hakikuachwa. Kilibadilisha njia tu. Nilipomwuliza kama wale wazee hawakukasirika, alinijibu kwamba wazee wa Kiluba wanajua kwenda misa wao wenyewe, tofauti na mimi.

Mwaka jana nkambo alikuwa na goti bovu. Kutoka mlangoni mwa kanisa mpaka altare ni mwendo mrefu, tena wa kucheza, maana kitunga hakipelekwi kama mzigo wa soko. Ngoma zinapigwa, unakwenda hatua mbili mbele, moja nyuma. Goti la nkambo lilikubali mbele likakataa nyuma. Basi kwenye kikao cha shirika, kwenye lupango letu, yaani uani kwetu, alisema mbele ya wanamama wote: "Hii mwaka bibi ya mutoto wangu njo atabeba."

Bibi ya mtoto wake, yaani mke wa baba, ni mama yangu.

Wanamama walikohoa. Mama prezida alisema kwa upole mwingi, "Nkambo, ule ni mutu wa kambi." Hakuna aliyemkatalia, kwa sababu ni kweli. Mama alizaliwa kambini, huko bezi, kituo cha jeshi; baba yake alikuwa askari aliyetoka kaskazini, upande wa mto, akatumwa Kamina, akafia Kamina. Mama ameolewa kwetu miaka kumi na minane. Amelima shamba la nkambo misimu yote hiyo, amezaa watoto watatu hapa, anaimba kwa Kiluba na kukosea maneno yaleyale kila Jumapili. Bado akipita, watu humwita mutu wa kambi, jinsi unavyoweza kumwita mtu mrefu.

Hakusema kwamba anakitaka kile kitunga. Lakini siku iliyofuata nilimkuta nyuma ya jikoni, beseni la maji kichwani, anakwenda mbili mbele, moja nyuma. Maji yalimwagika mpaka kwenye kitambaa cha kiunoni. Nilicheka. Aliniambia nikacheke na sahani zangu, maana zilikuwa chafu tangu asubuhi. Kesho yake alikuwa hapo tena, na beseni, na maji yalipungua kumwagika. Siku ya tatu sikucheka.

Sasa nieleze dhambi yangu. Ni ndogo, ina urefu wa mahindi manne.

Mama mzaa mama tunamwita koko, kama wanavyosema watu wa Lingala, na pia ili bibi wawili wasichanganyikane. Anakaa kambini mpaka leo. Kambi ile ni Kongo nzima iliyobanwa kwenye mistari ya nyumba. Jirani yake wa kulia ametoka Kivu. Anasema kwao maharage mapya hupelekwa kwanza kwa mama mkwe, na mama mkwe akiwa mkali hupelekwa mengi. Wa kushoto ni wa Kasai, na kwake mavuno bila mgeni wa kushiba si mavuno, hivyo msimu ukifika anatafuta mgeni hata kwa kumkamata mkono barabarani. Mbele yao kuna mama wa Kongo ya Chini anayesaga mbika, yaani mbegu za maboga, na karanga mpya, anafunga kwenye majani, anapika, kisha anasimama mlangoni kuhakikisha kila mtu amesikia harufu. Kila mmoja anaona wengine hawajui kuvuna.

Koko anawaona wote kuwa wagonjwa. Kwao, anasema, hakuna siku ya mavuno. "Muhogo unakaa chini ya udongo, unakungojea. Njaa inakuja, unachimba. Unakula. Kesho tena. Utafanya sikukuu siku gani?" Mahindi anapanda kidogo tu, kati ya nyumba na choo, kwa sababu mtu akikaa Kamina bila mahindi watu wanadhani ana huzuni.

Nilitumwa kwake na unga wa muhogo, siku ya katikati ya wiki, baada ya masomo. Vinywa vilikuwa vimefungwa kwa wiki ya sita. Njia nzima ya stesheni nilikuwa nimepita wanamama wameketi nyuma ya mbabula, mahindi yanalia juu ya makaa, nami nikatazama upande wa pili kama mtawa. Nilipofika kwa koko, naye alikuwa na mbabula, na mahindi juu yake.

"Kamata," akasema.

"Koko, kinywa changu imefungwa."

"Nani ameifunga?"

"Nkambo."

"Iko hapa?"

"Hapana."

"Basi?"

Niliifikiria hoja yake nikaona haina kasoro. Niliiongezea hata ya kwangu: kambini polisi wa mjini hawaingii bila ruhusa. Itakuwaje sheria ya nkambo ipite kwenye kizuizi, na goti lile? Nikala la kwanza kwa kutafakari, la pili kwa njaa, la tatu kwa sababu koko alikuwa anaongea na sikutaka kumkatiza. La nne liliungua kidogo. Nikapangusa mdomo na majani, nikarudi mjini nyuma ya moto, yaani pikipiki ya abiria, na upepo ukanisafisha vizuri.

Jumamosi, siku moja kabla ya misa, mama prezida alikuja na wanamama wanne kuuliza nyumba. Hiyo ni desturi pia. Mbabula inawekwa katikati ya lupango. Nkambo anatoa punje za mahindi ya mwaka uliopita, kavu kama mawe. Kila mtu anaweka punje yake ulimini, anasema kama ameonja mupya au hajaonja, kisha anaitema motoni. Ukisema uongo, punje inakuvimbia tumboni mwaka mzima hata kama umeitema. Sijui inapitia wapi.

Kitunga kilikuwa tayari juu ya mkeka: mahindi ya kwanza yenye majani yake, mzizi wa muhogo uliooshwa, karanga na mashina yake. Mama alikuwa amekipanga tangu alfajiri, akakipangua, akakipanga upya.

"Nyumba hii imefunga kinywa?" mama prezida akauliza.

"Imefunga," tukajibu sote.

Nkambo akaweka punje ulimini. "Minyi sijaonja mupya." Akatema. Baba vilevile. Baba ni mtu wa reli, na reli imemzoesha kungoja vitu visivyokuja; wiki sita kwake ni mapumziko. Mama akasema yake kwa sauti nzuri, bila kukosea neno. Ikawa zamu yangu.

Mpango wangu niliuona mzuri. Sikutaka kudanganya mbele ya moto, kwa sababu ya tumbo. Lakini mimi ndiye mtu aliyewahi kumwambia katekista kwamba mbuzi wetu anataka ubatizo. Nikisema ukweli kwa sauti yangu ya utani, watacheka, tutaendelea, na hakuna atakayesema baadaye kwamba nilificha. Nikaweka punje ulimini.

"Minyi nilionja," nikasema. "Ine. Ya kuchoma. Ya mwisho iliungua."

Wakacheka. Mama prezida alicheka mpaka akajishika ubavu. "Huyu mutoto! Siku ya kufa atamuchekesha Mungu!" Nikatema punje, nikainama kidogo kama msanii. Wadogo zangu wakaanza kusogea kwa zamu yao.

"Anasema kweli," akasema mama.

Kicheko hakikukatika mara moja. Kilibaki kwa mama mmoja wa mwisho aliyekuwa hajasikia, naye akanyamaza alipoona amebaki peke yake.

"Weye unajua tangu lini?" nkambo akamwuliza.

"Tangu juzi. Mama yangu alinitumia neno. Alisema mutoto wako anakula sawa treni ya makaa."

"Na sasa hivi uliitika imefunga," mama prezida akasema.

"Niliitika. Nilikuwa nangojea yeye mwenyewe aseme."

"Na kama angenyamaza?"

Hilo mpaka leo sijamwuliza mama. Alisema tu, "Amesema kweli mbele ya moto. Sasa minyi nicheke?"

Nkambo alikuwa na punje zilizobaki mkononi. Alizigeuza moja moja kwa kidole. Kisha akanigeukia mimi, na nilijua uso ule. Ni uso anaoutumia sokoni bei ikiwa mbaya lakini bado hajaondoka.

"Ulikulia wapi?"

"Kambi. Kwa koko."

"Mahindi ya nani?"

"Ya koko. Inaota karibu na choo."

"Basi," akasema nkambo, akawaangalia wanamama. "Tulifunga kinywa juu ya mahindi ya kwetu. Ya kambi ni ya kambi. Haijavunja kintu."

Ilikuwa hoja yangu ileile, nami nilifurahi kuisikia kwa mtu mzima. Wanamama wawili wakaitikia, eyo, ni kweli, ya kambi ni ya kambi. Hata nadhani walitaka iishe hivyo, jua lilikuwa linapanda na kila mmoja alikuwa na sufuria nyumbani.

Mama prezida naye akatikisa kichwa kukubali. "Nkambo, umesema muzuri. Ya kambi ni ya kambi. Sasa uniambie kintu kimoya: na mutu wa kambi, ni wa wapi?"

Niseme ukweli, ilikuwa kazi safi. Kama mahindi ya koko si ya kwetu, basi mama si wa kwetu, na hawezi kubeba. Kama mama ni wa kwetu, basi mahindi ya mama yake ni ya kwetu, tumeyala, na hawezi kubeba. Nilitafuta mlango wa tatu. Masomoni ninajulikana kwa kutafuta mlango wa tatu. Haukuwepo.

Nkambo alifungua mdomo, lakini mama alimtangulia.

"Mahindi ya mama yangu ni ya kwetu," akasema. "Basi tumekula."

Akainama, akachukua kitunga kwenye mkeka, akakipeleka mpaka miguuni pa mama prezida na kukiweka pale. Halafu akaingia jikoni, kwa sababu maji yalikuwa yanachemka. Baba akatoka nje kutazama baiskeli yake ambayo haikuwa na tatizo lolote. Wadogo zangu walibaki na punje zao mdomoni, hakuna aliyekumbuka kuwauliza.

Sikupigwa. Ningependelea. Mama alinipa sahani niweke mezani, akanipa kijiko, akaniuliza kama nina mtihani wiki ile.

Jumapili, mama prezida alibeba. Hakutaka kitunga chetu, aliacha kikarudishwa; alikuja na chake, kilichojazwa kwa haraka, na majani ya muhogo yamepangwa kuziba pengo. Alicheza vizuri, sina la kusema. Mbili mbele, moja nyuma. Watu wa mashirika mengine waliuliza kwa nini nyumba imebadilika, na kabla ya komunyo kanisa zima lilijua idadi ya mahindi. Vijana wa kwaya walininyooshea vidole vinne. Mama alikwenda nyuma ya wote, na bakuli la karanga, katika mstari wa wanamama wanaobeba vitu vidogo. Alitembea tu, hakucheza.

Misa ilipokwisha, nkambo hakwenda nyumbani. Alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akaniambia niite moto mbili.

"Za kwenda wapi?"

"Kambi."

Nkambo alikuwa hajafika kambini tangu msiba wa babu yangu, mume wa koko. Alipanda moto upande, goti bovu likitazama barabara, rozari bado mkononi, akamwambia kijana wa moto kwamba akimwangusha atamjua. Mama na mimi tulifuata na ya pili.

Koko alikuwa nje, anafunga majani ya sombe. Alipoona nani anashuka, alisimama, akajifunga kitambaa vizuri.

"Bokilo!"

"Muko wangu," nkambo akajibu. Ni neno lilelile, mkwe, kila mmoja kwa lugha yake. Wakashikana mikono yote miwili. Nkambo akaketi kwenye kiti, akanyoosha goti, akakataa maji.

"Nimekuja kukufunga kinywa," akasema.

"Minyi? Nimefanya nini?"

"Umelisha mutoto."

"Kulisha mutoto ni kosa? Nzambe!"

Nkambo akamweleza yote: punje, moto, kitunga, aliyekibeba. Hakupunguza, hakuongeza. Aliporudia maneno ya mama, mahindi ya mama yangu ni ya kwetu, koko aliacha kufunga majani. Akamtazama mama, ambaye alikuwa ameanza kupepea mbabula na kifuniko cha sufuria ingawa hakuna aliyemwomba.

"Mwaka unakuja," nkambo akasema, "mahindi yetu ikitoa ndevu, nitatuma mutu. Na hapa pia hamutakula mupya mupaka misa."

"Mahindi yangu? Ya nyuma ya choo yangu?"

"Hiyo hiyo."

"Na muhogo?"

"Muhogo kula."

"Na mahindi ya jirani, akinipa?"

"Hapana."

"Bokilo, hii si dini. Hii ni buloko! Bananifunga na sina kesi!"

"Kesi uko nayo," nkambo akasema, akinionyesha mimi kwa kidevu.

"Na nikikubali, mwana wangu atabeba?"

"Ukikubali, mama prezida atakuja mupaka hapa, akuulize na punje, sawa anavyotuuliza siye. Ukijibu muzuri, atabeba."

"Na nikikatala?"

"Basi kambi itabaki kambi."

Jirani wa Kasai alipita nyuma ya ua, akasalimia, akaangalia kama kuna mtu anayefaa kuwa mgeni, akaendelea na safari yake.

"Wiki ngapi?"

"Sita. Siku ingine saba."

"Nitakonda."

"Utakonda."

"Sawa," akasema koko. "Lakini huyu mutoto wiki hizo asikuje. Minyi siwezi kukaa na njaa na kumuangalia yeye vile anaangalia mahindi."

Mama aliacha kupepea. Moto ulikuwa umeshika zamani.

Koko akaingia nyuma ya nyumba, akarudi na mahindi matatu, akayamenya, akayaweka juu ya makaa. Nilijua nkambo hatakula. Jioni ya misa ya mavuno nkambo ndiye anayeonja wa kwanza, peke yake, hindi la shamba letu, sote tumesimama. Mpaka ameze, baba mwenyewe hagusi. Lile hindi lilikuwa nyumbani linamngoja, juu ya meza, limefunikwa na sahani.

Koko alimpa la kwanza lililoiva. Nkambo alilipokea kwa mikono miwili. Ana meno manne na hayakutani, kwa hiyo alichomoa punje kwa kidole gumba, moja moja, akaziweka mdomoni, akatafuna muda mrefu. Sisi tulisimama, kwa mazoea. Koko naye akasimama, kwa sababu alituona tumesimama.

"Imekomaa sana," nkambo akasema. "Ulichelewa kuivuna."

"Meno yako njo imechelewa, bokilo."

Nkambo akameza, akachomoa punje nyingine. Mama akageuza mahindi mawili yaliyobaki kwa vidole, bila kijiti, akapuliza vidole, akakaa chini.